Moto wa Sura ya Saba

Jumatatu, 5 Juni 1995
Shikamoo baba mdogo, uji, vidonge, kisha Kabula akaenda sokoni Mwaloni na dagaa wake. Kama kila siku. Kuna jambo nimelificha tangu mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Katika riwaya yangu, mtu anayechoma nyumba ni mimi. Nyumba ilikuwa ya kaka yangu Maduhu. Kabula ni binti yake. Hajui. Ndiye anayeninywesha uji, na nyumba hii ya Kirumba ni yake.
Miguu imevimba. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani.
Mchana kaja Deus. Siku hizi kijana akiwa na kamera tayari ana kampuni. Anataka riwaya iwe filamu, mswada niandike mwenyewe. Nimekubali. Majivuno tu.

Jumatano, 7 Juni
Mkono unatetemeka. Deus hasomi mwandiko wangu. Kabula kajitolea: nitamke, yeye aandike. Alikuwa mpiga chapa kabla yeye na wenzake hawajapunguzwa kazi. Ningekataa kwa sababu gani?

Ijumaa, 9 Juni
Sura ya saba. Kitabuni niliandika kwamba mtu mmoja aliwasha nyasi za paa. Ilitosha. Wasomaji walilia. Deus hakuridhika.
"Mzee wangu, kamera haimjui 'mtu mmoja'. Shati nimvalishe nani?"
"Vaa wewe," Kabula akamwambia. "Macho yako ya kuchoma nyumba za watu kabisa."
Wakacheka. Nikacheka nao. Kicheko kibaya.

Jumapili, 11 Juni
Kabula yuko kanisani. Jana nilijaribu kukwepa. Nilimsimulia Deus filamu nyingine: mzee yuko kitandani, ameshindwa kugeuza riwaya yake kuwa filamu, kila akikaribia sehemu ya moto anaomba maji. Nilidhani ataitupa. Kaipenda. Sasa filamu itakuwa ya mzee huyo, moto ubaki, na mimi niigize. Nilitafuta mlango. Nimeongeza ukuta.

Jumanne, 13 Juni
Nimemtamkia Kabula ofisa kutoka mjini. Kofia, lori, sauti nzito. Anamwamuru mwalimu wa kijiji achome. Onyesho limetoka vizuri, hata mimi nikaanza kuliamini.
Kabula akauliza jina la ofisa. Sikuwa nalo. Nikasema nimechoka. Akakusanya karatasi, akasimama mlangoni.
"Baba mdogo, huyu mwalimu katoka wapi? Kitabuni hayumo."
Nikajifanya nimelala.
Akinifukuza sina pa kwenda. Kwetu Misungwi hata kiwanja nilishauza. Lakini si hilo. Naogopa asubuhi atakayoleta uji bila kuniamkia.

Alhamisi, 15 Juni
Pumzi fupi. Daktari anasema ni moyo, akaongea na Kabula nje.
Maduhu hakutaka kuhama kwa sababu baba yetu kazikwa zizini, kama wakuu wa kaya wote wa kwetu. Alisema hawezi kumwachia fisi baba yake. Walimu wenzangu walicheka: mimi ni mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya kuhamisha watu, na kaka yangu analinda samadi. Nikacheka nao. Nilimwonea aibu.
Baada ya moto alihama bila neno. Alikufa huko huko kijiji kipya, kabla hajamaliza kuezeka. Kabula alikuwa shule ya bweni. Aliyajua ya nyumbani kwao kwa kusoma kitabu changu. Alinishukuru kwa kukiandika.
Siwezi kufa na shukrani ile.

Jumamosi, 17 Juni
Kabula hakwenda Mwaloni. Alikunja miguu mkekani, karatasi juu ya sinia, akasubiri. Nikatamka. Mwalimu ni mdogo wake Maduhu. Ndiye anayewasha nyasi. Uso ni wangu.
Kalamu haikusimama. Aliandika mpaka nukta. Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga. Kisha akauliza, sauti yake ya kila siku:
"Na ofisa? Abaki?"
Nikamwambia amfute. Lori lilikuja kweli, lakini nilipowasha moto lilikuwa limeshaondoka, na waliokuwemo waliniagiza nimwache kaka yangu hadi avune. Hakuna aliyeniamuru.