Kitanda cha Mazoezi

Mpendwa Baba Neema,

Jumatatu nitalala katika kitanda kile cha mazoezi, mahali pako. Chuo kimeniita tena kuwafundisha walimu wa afya, na hakuna anayekubali kuigiza mgonjwa. Unajua sababu.

Unakumbuka wafadhili walipotuletea sanamu ya mgonjwa, nayo ikafika Mwanza imepasuka kifua? Ulicheka, ukavua koti, ukasema utaugua mwenyewe. Wewe ulifundisha matabibu, mimi wauguzi. Kwa mara ya kwanza tuliwaweka walimu wa kada zote chumba kimoja, wajifunze kusimamia mazoezi ya pamoja. Nyumbani tulibishana juu ya kanuni moja: msimamizi hasemi neno mpaka zoezi liishe, hata wakikosea. Ulishinda wewe.

Ulilala, dirisha la upande wa ziwa likiwa wazi. Ulikuwa mgonjwa wa malaria kali aliyepoteza fahamu. Pili, mwalimu wa uuguzi, alikushika mkono, akasema taratibu kwamba huna mapigo. Masanja, mwalimu wa matabibu, akamtania: "Dada, mzee anaigiza. Usituharibie somo." Mwalimu wa maabara, kichupa cha damu mkononi, alimngoja Masanja, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea wodini: tabibu asiposema, hakuna anayesogea. Nami, msimamizi, nilisimama ukutani kimya, maana kanuni ilikuwa yako.

Midomo yako iligeuka kijivu. Upepo ulikoma, lakini pazia lilibaki limejaa, kana kwamba kuna aliyelishika kwa nyuma.

Pili hakungoja. Alimsukuma Masanja kwa bega, akapiga goti kitandani, akakukandamiza kifua mpaka ukavuta pumzi. Nawe, mwalimu hata hapo, ukauliza ukiwa chali: "Nani aliniona kwanza, na kwa nini mlimngoja mwingine?" Hakuna somo lililowaingia kama lile.

Jioni Pili alinifuata ukumbini. "Samahani, mama. Yule mama aliyesimama upande wa kichwa cha mzee, aliyekuwa akisema tumwache, ni wa kada gani?"

Nilimjibu kwamba hapakuwa na mtu. Nilipokusimulia, hukushangaa. Ulisema ulimsikia; alizungumza Kisukuma cha zamani, kama cha bibi yako. Kisha ukaniomba nifunge dirisha.

Ulipougua kweli, miaka ilipopita, hakuna aliyemngoja mwenzake. Muuguzi alisema, daktari akasikiliza, wa maabara akakimbia. Walifanya yote tuliyowafundisha, nawe ukaenda. Silalamiki, kazi ilifanyika sawasawa. Lakini nyumba hii ya Mkuyuni imekuwa kubwa mno, na asubuhi nyingine godoro la upande wako huwa limebonyea. Natandika, sisemi.

Masanja siku hizi ana zahanati yake Igoma, tangu watu binafsi waruhusiwe kuzifungua. Juzi alikuja kunisihi nisilale katika kitanda kile. Nilimwambia kwamba walimu hawa watafundisha wengine kwa miaka mingi, na hawatajifunza kusikilizana kwa kusomewa. Msimamizi atakuwa Pili. Kanuni yako nimeibadili: akiona jambo la kweli, aseme.

Nina ombi moja, Baba Neema. Ukiwapo chumbani siku hiyo, usiniite. Bado nina darasa.

Lala salama huko uliko.

Mkeo,
Mama Neema