Swali la Chiriku Baada ya Kipimo

Ghorofa ya pili, mlango wa saba,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
14 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa, na shemeji na pacha hawajambo. Sisi tu wazima, ila magoti ya mama bado yanamsumbua.

Umeuliza kama mashine ya hospitali imeonyesha kwamba mdogo wetu Chiriku anajifanya mgonjwa. Swali hilo nimelisoma mara tatu nikitafuta pa kukuonea huruma, sijapaona. Mashine ile haipimi uongo. Inapima umeme mdogo ambao ubongo hutoa sikio linaposikia mlio. Watafiti wanataka kujua ubongo wa watu wanaosikia sauti zisizokuwepo, kama Chiriku, unazipokeaje zilizopo. Ni utafiti, haumhukumu mtu.

Kazi ilikuwa kumvalisha kofia ya kipimo. Ina nyaya thelathini na mbili, na ncha ya kila mmoja hupakwa jeli iguse ngozi ya kichwa. Unajua Chiriku hajaruhusu mkono wa mtu kichwani tangu tulipomnyoa kwa nguvu, wewe umeshika mikono, mimi nimeshika wembe. Ndiyo, mimi, mtetezi wa wagonjwa magazetini. Mwaka wa kumi na moja huu.

Nilishachukua kalamu nimsainie fomu ya ridhaa. Mpimaji, mama mkavu wa maneno, akaivuta karatasi.

"Mwenye kichwa yuko hapa. Wewe dada kaa pale."

Unajua nisivyoshindwa kubishana. Nilikaa.

Chiriku akasaini mwenyewe. Kisha yule mama akamwomba ruhusa kwa kila ncha, mara thelathini na mbili. Chiriku akinyamaza, mkono unangoja. Palipo na kovu la wembe alikataa. Mpimaji akaandika kwamba waya wa hapo hautasomwa, akaendelea. Milio ikapigwa, Chiriku ametulia tuli, akitazama alama ukutani.

Baadaye, akiosha jeli kwenye sinki, akaniambia bila kugeuka, "Huyu ameuliza. Nyinyi kwa nini hamkuuliza?"

Kaka, nimejibizana na mawaziri. Kwa huyu niliomba tu nimsaidie kuosha.

"Bado," akasema. "Na kaka naye mpelekee swali langu."

Nimekuletea. Usinijibu mimi. Mwandikie yeye, kwa mkono wako.

Nisalimie shemeji na pacha. Mama anakuombea heri, nami namwomba Mungu akulainishe moyo.

Mdogo wako akupendaye, hata ninapokugombeza,
Wakili wa nyumbani