Jina la Gitau halimo

Jumamosi, Julai 1999. Ruiru haijaona jua tangu asubuhi, na mimi nimekasirika tangu nilipoamka.

Ukurasa wetu hauonekani. Nimeuandika upya hadi nimechoka kuuangalia, na kila nikiutafuta kwenye mtandao naletewa hoteli za watalii na mashamba ya kahawa. Sisi hatumo. Ni kama hatukuzaliwa.

Namwandikia ndugu yangu Gitau, aliyekwenda Marekani. Alipoondoka tulikuwa tukiishi Thika. Baadaye tukahamia Gatongora, hapa Ruiru, sanduku la posta tukaliacha, na barua tulizomwandikia zikaanza kurudi, maana naye alikuwa amehama. Hajui tuliko, hatujui aliko. Mtandao ndio uliobaki.

Leo nimeenda tena Thika, kwenye saiba ya Wanjiru, duka lake la kompyuta za mtandao. Ameusoma ukurasa wote, mkono shavuni, halafu akaniuliza, "Sasa huyu mnatafuta anaitwa nani?"

"Gitau."

"Na Gitau ako wapi hapa?"

Nikatafuta. Hakuwepo, hata mara moja.

Ukurasa ni kazi yangu na Mami, mama yetu. Yeye husema, mimi naandika, na Mami hajawahi kumwita Gitau kwa jina. Gitau alipewa jina la babu yetu mzaa mama, kwa hiyo kwa Mami yeye ni Baba, tangu akiwa kwenye nepi. Nyumbani sote tunamwita hivyo. Nimeandika "Baba, tumehama", "Baba, tuandikie", ukurasa mzima, na sikuona kasoro yoyote. Sasa naelewa kwa nini mtu pekee aliyewahi kutuandikia, mgeni kabisa, alitupa pole kwa kumpoteza mzee.

"Mashine haijui mambo ya kwenu," Wanjiru akasema. "Mtu akiingia kwa mtandao, kwanza anajitafuta. Weka jina yake, tena uirudie rudie."

Na Gitau atajitafuta, hilo naliamini. Huyo alichora jina lake kwenye saruji mbichi ya kila nyumba tuliyowahi kupanga.

Nikarudi nyumbani mbio na habari hizo. Mami akakataa pale pale.

"Ngai! Mimi niite baba yangu Gitau, kama askari anamshika? Akiona hiyo atasema huyu si Mami, hii ni watu wa serikali."

Tumebishana hadi chai ikapoa. Nimemwambia neno baya, kwamba anapenda heshima kuliko mtoto. Ameendelea kuchambua maharagwe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hajakosea. Gitau akikuta jina lake tu, hataisikia sauti ya mama yake. Na jina lisipokuwepo, hatafika hata mahali pa kuisikia.

Basi nimerudi Thika kwa hasira zangu, na Wanjiru akanionyesha ujanja: maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe. Chini kabisa nimeandika Gitau, Gitau, Gitau, pamoja na Thika na Ruiru, mstari baada ya mstari. Mashine inasoma, jicho halioni. Huko juu Baba amebaki Baba.

Nimeuchapisha kwenye karatasi nikampelekea Mami. Amevaa miwani akasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipomaliza, kidole kikashuka kwenye karatasi tupu.

"Na hapa chini mbona umewacha wazi?"

Nikamwambia ni mahali pa Baba.

Akapapangusa kwa kiganja. "Basi usiandike mtu mwingine hapo."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana tena, nikaenda kubandika chai nyingine.

Jumatatu nitaketi kwa Wanjiru niandike Gitau pale pa kutafutia, kama atakavyoandika yeye mwenyewe huko aliko. Je, mashine itanileta kwa Mami?