Mstari wa Mama Ndinda

Jumanne, 10 Juni 2025
Kosa la watu wengi ni kudhani mkazo ni kelele. Sivyo. Mtu anaweza kunong'ona na bado ukajua ni neno gani amelitilia uzito – amelivuta kidogo, au ametua kabla yake. Mjukuu wangu Winny anapima jambo hili kwa shahada yake ya pili. Watu wanasikiliza sauti alizorekodi Dandora, kila mmoja anapiga mstari chini ya neno alilolisikia likikazwa, naye anahesabu. Anahitaji wasikilizaji ishirini. Nimemwambia, hapa Kaloleni utawapata kabla chai haijapoa.

Jumamosi, 14 Juni
Ukumbi wa mtaa, saa nne. Wamekuja ishirini na mmoja. Mzee Odera, mstaafu wa reli, amefunga tai. Akauliza, je, akikosa, msichana anafeli? Winny akacheka: hakuna kukosa, babu, weka tu vile umeskia. Odera akaninong'oneza kwamba wasimamizi wa mtihani wote husema hivyo.

Mama Ndinda ametoka Umoja na miwani ya dada yake.

Sentensi ya tatu, mwanamke anasema: "Nilimwambia Seth alete maji leo." Winny alikuwa mbele na kompyuta. Mimi nilipita katikati ya mabenchi, mikono nyuma, kama ile miaka thelathini na minne darasani. Nikaona Mama Ndinda amepiga mstari chini ya "maji". Jamani! "Leo" ndilo lililovutwa. Nikaweka kidole pale. Akafuta. "Asante, Mwalimu." Jirani yake akachungulia, akafuta pia. Nikaenda safu ya pili.

Hakuna aliyetaka kumwangusha Winny.

Jumapili, 15 Juni
Winny ameingiza majibu yote. Amenikumbatia nikiwa na mwiko mkononi. Eti, Dani – ndivyo anavyoniita mimi bibi yake – wamekubaliana karibu wote, prof hataamini. Nilijisikia vizuri sana. Mpaka nikamuuliza: na kama wangetofautiana?

Akanieleza polepole, kama mimi ndiye mwanafunzi. Kwamba sikio halipokei sauti tu, linakuja na mambo yake. Sauti ileile, watu wawili, maneno mawili tofauti – hicho ndicho alichotarajia kukipata. Hakukipata. Kwa hiyo anaandika upya sura nzima ya mwisho, kusema alikosea.

Kwa Mama Ndinda mifereji ina wiki mbili haijatoa hata tone.

Ugali umeungua. Winny ameula hivyo hivyo.

Jumatatu, 16 Juni
Saa mbili asubuhi. Winny yuko mezani, anaandika sura hiyo, anaimba chini kwa chini. Saa sita anaituma kwa profesa wake.

Karatasi ninazo hapa chumbani. Kumi na nne zimefutwa kwenye sentensi ya tatu. Lakini penseli haifutiki yote. Nikiinua karatasi dirishani, mstari wa kwanza unaonekana. "Maji." "Maji." "Seth." "Maji." Huenda zikamfaa. Huenda asiweze kutumia hata moja, aanze kutafuta watu wengine ishirini. Si mimi wa kuamua – nilishaamua mara moja, na tazama.

Anaita kutoka mezani, Dani, nikuwekee chai?

Najiambia: mpelekee karatasi sasa hivi, umwambie ni nani aliyewafutisha.