Mzee Aliyeanguka Kutoka Mnarani

Hässelby, Stockholm
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Concessa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekusaidia? Na ziwa je, limerudi nyuma, au maji bado yanawasumbua hapo Kalundu, Uvira? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Baridi imeanza. Binti yangu Emmanuella amenipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, ila ukimwita kwenye ugali anaelewa mara moja.

Yaya, nimeamua kukuandikia kwa sababu jambo hili kwenye simu ningelikatakata.

Unakumbuka chumba cha video cha Papa Léonidas? Zile sinema za vita zilizopigwa Ufilipino: misitu, mvua, helikopta, askari wa Kifilipino wenye vitambaa vyekundu kichwani. Papa Léonidas akisimama kando ya televisheni kututafsiria, naye Kiingereza hajui hata neno! Jenerali akifoka, yeye anasema, "Anauliza nani amekula samaki wake." Na yule mwembamba aliyekuwa akipigwa risasi na kuanguka kutoka mnarani, tukamwita Bahati Mbaya.

Basi, kazi yangu unaijua, kuwazungukia wazee majumbani mwao, kuwapikia na kuwaogesha. Mwezi wa tisa nilipewa mzee mpya, Rogelio, Mfilipino aliyeoa hapa zamani. Mkewe alifariki mwezi wa nne, na tangu hapo mzee akawa hagusi chakula. Ukimletea sahani anageukia ukuta. Binti yake, Nicole, alikuwa ameanza kumtafutia nafasi katika nyumba ya wazee, lakini mzee hataki hata kusikia.

Siku moja nikifuta vumbi nikaona picha kabatini: kijana mwembamba, sare ya jeshi, kitambaa kichwani.

"Ulikuwa askari?" nikamwuliza.

"Wa sinema tu," akajibu. "Kazi yangu ilikuwa kufa."

Nikaketi. Akanieleza kwamba wageni walikuja kwao kupiga filamu, wakawachukua vijana wa mtaani wajifanye wamepigwa risasi. Alianguka kutoka darajani, kutoka mtini, kutoka mnarani. Jina lake halikuandikwa popote. Hata Nicole alidhani ni porojo za baba.

Nikamsimulia Uvira yetu, na Papa Léonidas, na jina la Bahati Mbaya. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu nikamwambia kuhusu siku ile uliyomlilia Bahati Mbaya, ukakataa chakula, ukamwuliza mama ni nani atakayempelekea mama wa yule kijana habari kwamba amekufa. Sisi wengine tulikucheka, yaya. Wewe peke yako uliona kwamba yule naye ni mtoto wa mtu. Unisamehe.

Mzee akanishika mkono.

"Mwambie dada yako sikuumia," akasema. "Chini walikuwa wametupangia maboksi."

Kusema kweli sijui kama ndiye tuliyemwona. Walikuwa wengi. Lakini hilo sikumwambia.

Mchana huo alikula wali na samaki, sahani nzima. Jumamosi Nicole alipokuja, nikamhadithia yote mbele ya baba yake. Akamgeukia mzee.

"Baba, ulikuwa unaangukaje?"

Mzee akainuka, akajishika kifua, akajiachia taratibu juu ya kochi, amefumba macho. Nicole alicheka huku machozi yanamtoka, akapiga magoti akamkumbatia. Sasa anakuja kila Jumamosi na chungu cha mchuzi. Uzito wa mzee umeanza kurudi, na habari ya kumhamisha wameiweka kando.

Nina ombi moja. Nirekodie sauti yako kwenye simu, umweleze mzee ulichokiona siku ile na kwa nini ulilia. Sema polepole, nitamtafsiria neno kwa neno. Kila nikifungua mlango, kabla sijavua viatu, ananiuliza kama dada yangu amejibu.

Nisalimie shemeji Onésime, mama mkubwa Laurentine, na Dieumerci na wadogo zake. Mungu aifunike nyumba yenu kwa amani, mlale salama na kuamka salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mwamba