Kibuyu cha Bibi Xavérine

Gisenyi, 14 Novemba 1999

Kaka Gentil,

Salamu zangu zikufikie huko Karagwe. Binti yangu ameota meno mawili, na mimi nimefaulu! Wewe uliyesema hakuna chuo kikuu kinachompa mtu shahada kwa nyimbo za maziwa, kaa chini usome.

Mwalimu wangu alidhani nyimbo za kusukasuka maziwa zimeshasahaulika. Kule Nyamyumba, kikongwe mmoja, Bibi Xavérine, alikaa siku tatu mbele ya kinasa sauti bila kukumbuka hata mstari mmoja. Siku ya nne akanigombeza: “Mutoto, mi siwezi kuimba mikono ikikaa bure. Leta kibuyu na maziwa!” Nikaleta. Alipoanza kukisukasuka, zikatoka nyimbo kumi na moja, na siagi pia.

Wimbo wa mwisho humsifu mwenye ng'ombe kwa jina. Ng'ombe wa Bibi waliisha vitani, na watu wake pia. Akaniuliza amsifu nani. Nikamtajia jina la mama.

Kaka, mama tuliyemzika ugenini sasa anaimbwa kwao, na kanda iko katika maktaba ya chuo kikuu. Njoo umsikie.

Mdogo wako msomi,
Murekatete