Kiberiti Nilichokihamisha

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Mvua iliyotuchezea tangu asubuhi imekatika, mtaa wetu wa Mabwerebwere wote unanuka udongo mbichi, na mimi nimekaa kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Miguu inauma kweli. Moyo hauumi hata kidogo.

Yustina amefaulu.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili nipate kuitazama vizuri.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni fundi cherehani, na Jumamosi huwa ni kiongozi wa kujitolea wa skauti wa shule mbili za hapa Kilosa. Watoto wananiita Mama Skauti. Yustina ni binti wa kidato cha nne, mzaliwa wa milimani Vidunda, anayeishi mjini kwa shangazi yake ili asome. Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na miwili, shati limemfika magotini, haongei mpaka aulizwe mara mbili. Leo ana miaka kumi na sita na watoto saba wanamfuata bila kunung'unika.

Alikuwa anaitafuta beji ya uongozi. Ukiwa nayo, unaruhusiwa kuongoza wadogo kwenye kambi ya Mikumi wakati wa likizo. Huna, utakwenda kama skauti mwingine yeyote, utaongozwa. Na kwa Yustina hii ilikuwa nafasi ya mwisho, kwa sababu mwakani hatakuwa mwanafunzi tena.

Nafasi ya kwanza aliipoteza mwaka jana. Niseme ukweli, niliipoteza mimi.

Mwaka jana alifunga turubai lake kwa kamba, akaenda kuchota maji. Fundo moja halikunipendeza. Nikalifungua, nikalifunga upya, haraka haraka, kama ninavyorekebisha kola ya mteja. Mtahini alikuwa nyuma yangu. Ni Mzee Kibena, fundi umeme mstaafu kutoka Morogoro, naye ni mtu wa kujitolea kama mimi. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama, sikuja kukutahini wewe," akachora mstari kwenye karatasi. Yustina aliporudi na ndoo kichwani, mtihani wake ulikuwa umekwisha.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningelala vizuri zaidi mwaka mzima huu.

Kwa hiyo leo nilijipanga. Mtihani wenyewe ni huu: anayetahiniwa anawachukua wadogo saba, anawatembeza kwa miguu mpaka Chanzuru, anawapikia, wanakula, anawarudisha salama. Watu wazima tunatembea nyuma na hatufungui mdomo labda mtu awe hatarini. Nikabeba skafu sita za kupinda kwa mkono, sindano na uzi, ili mikono yangu iwe na kazi yake. Wenye vidole kama vyangu lazima tujifunge wenyewe.

Sasa naungama.

Tulikutana hapa kwangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Yustina alitua begi lake hapa kibarazani, akaenda bombani na wadogo kujaza vidumu. Mzee Kibena alikuwa hajafika. Begi lilikuwa wazi. Nikachungulia tu. Nikaona kiberiti amekitia ndani ya kopo la majani ya chai, kopo ndani ya sufuria, sufuria chini kabisa ya unga na maharage. Nikamwonea huruma. Nikajisemea, mtoto huyu atamwaga vitu vyote chini akitafuta moto. Nikakitoa, nikakiweka mfuko wa pembeni, wa nje, penye kufikika kwa urahisi.

Ilichukua muda wa kupiga chafya. Hata sikuhisi kwamba nimefanya kitu.

Mvua ilitukuta nusu ya njia. Haikuwa mvua ya kutisha, ile nyembamba ya kuudhi, inayoingia kila mahali. Yustina aliwapanga wadogo wawili wawili, mdogo kuliko wote akamweka mbele ili mwendo uwe wa yule mdogo. Sikumfundisha hilo. Mimi siku zote huwaweka wadogo katikati kisha natumia nusu ya safari kupiga kelele wale wa mbele wapunguze mwendo. Mzee Kibena aliandika kitu. Nilitamani kuchungulia karatasi yake, nikajizuia.

Tulifika Chanzuru, uwanja ulio kando ya mashamba, mvua ikiwa imepumzika. Wakafunga turubai. Nilitazama sindano yangu. Kisha Yustina akapiga goti kwenye mafiga, akatia mkono mfuko wa pembeni bila hata kugusa sufuria, akatoa kiberiti.

Kilikuwa kimelowa chapachapa. Njiti ya kwanza ilimong'onyoka. Ya pili hivyo hivyo. Alijaribu zote, moja moja, na mimi niliyekuwa najua kila kitu nikazidi kupinda skafu.

Mkobani kwangu nilikuwa na kiberiti cha gesi. Kikavu, kipya. Nilikuwa nacho pale, chini ya skafu. Mtoto mmoja, Lemayani, ambaye wazazi wake ni wafugaji huko bondeni, alinitazama kwa macho ya kuomba. Nikajichoma kidole na sindano. Si kwa makusudi, ila ilinisaidia.

Yustina alisimama, akajifuta magoti. Akasema, "Tunakwenda kuomba moto." Akaacha watatu walinde vyombo, akaondoka na wanne kuelekea nyumba ya karibu, ambayo jikoni kwake kulikuwa kunatoka moshi. Mzee Kibena akafuata, na mimi nyuma yake.

Alitoka bibi mmoja mwenye kanga kiunoni. Watoto wote watano wakainama kidogo, shikamoo ikatoka kwa sauti moja. "Marahaba wajukuu zangu. Mmelowa kama kuku." Yustina akajieleza kwa kifupi: ni skauti, wametoka Kilosa, kiberiti kimelowa, wanaomba kaa la moto. Bibi akatazama mawingu. "Moto nitawapa. Lakini mnaiona mvua hiyo inarudi? Nianulieni kwanza mahindi yangu."

Mahindi yalikuwa yametandazwa kwenye maturubai mawili makubwa, uwanja mzima. Nikaangalia saa yangu. Chakula kilitakiwa kiwe tayari saa saba, na maharage hayajaguswa. Ningekuwa mimi ningebembeleza, ningesema bibi tupe moto kwanza, tutarudi. Yustina alivua begi. Akamtuma mmoja kuwaita wale watatu, waje na vyombo na kila kitu, akagawa kazi: wawili wa kushika magunia, wengine wa kukusanya, yeye na Lemayani wa kubeba. Walianua mahindi yote kabla tone la kwanza halijaanguka. Bibi akawa anacheka peke yake, anasema siku nyingi nyumba haijawa na watoto wengi hivyo.

Akawapa makaa manne kwenye kigae, yamefunikwa majivu, na magunzi makavu ya kuwashia kwa sababu kuni zote za porini zilikuwa zimelowa. Akawaambia wapikie pale pale chini ya paa lake la nje. Maharage yaliachwa. Yustina alibadilisha mpango: ugali na mboga za maboga ambazo bibi alimwonyesha nyuma ya nyumba. Saa saba na dakika arobaini watoto saba walikuwa wanakula, na bibi ndiye aliyepewa sahani yake wa kwanza.

Niliwahi kula ugali mzuri kuliko ule. Sikumbuki lini.

Baada ya kula Mzee Kibena akawakusanya. Akamuuliza Yustina maswali yake, akafika penyewe: "Kiberiti kililowaje?"

Yustina alisimama wima. "Kilikuwa mfuko wa nje, mzee. Kosa ni langu. Mimi ndiye kiongozi."

Mzee akaanza kuandika.

Hapo ndipo nilipokuwa mtu mbaya kwa muda, na nataka kuliandika hili kama lilivyokuwa. Nilipiga hesabu. Nikinyamaza, atapunguziwa alama kidogo na labda atapita. Nikisema, mkono wa mtu mzima umegusa begi, na mwaka jana mkono huo huo ulifuta mtihani mzima. Nikajiambia kunyamaza ndiyo kumsaidia. Niliiamini kabisa sababu hiyo, kwa muda wa kama pumzi tatu.

Kisha nikamtazama yule mtoto amesimama amebeba kosa langu mbele ya wadogo zake, na aibu ikanishinda.

"Mzee Kibena," nikasema, "kiberiti nilikihamisha mimi. Yeye alikuwa amekifungia vizuri kwenye kopo."

Hata bibi aliacha kuosha sahani yake. Mzee aliweka kalamu chini, akanitazama kwa macho ya mtu aliyechoka nami. Nikajua basi tena, kwaheri Mikumi.

Lakini hakuniuliza mimi. Alimgeukia Yustina. "Ulikuwa unajua?"

Yustina akatazama chini. "Nilimwona, mzee. Nilikuwa nimerudi kufuata kidumu kingine."

Hilo sikulitegemea. Nilihisi masikio yanawaka.

"Ukamwona, halafu ukakiacha mfuko wa nje, na mawingu unayaona?"

"Ni mama, mzee. Mkubwa akiweka kitu, mimi nikiondoa mbele yake..." Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Kila mtu aliyelelewa huku anajua kinachofuata. Mtoto mwenye adabu hapangui alichopanga mkubwa. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyolea wanangu, na ndivyo nilivyowalea hawa, kila Jumamosi, nikijisifu kwa wazazi wao kwamba skauti wangu wana heshima.

"Ndiyo maana nimesema kosa ni langu," akaongeza, taratibu.

"Na siku nyingine?"

Alifikiri. Aliponyanyua uso alikuwa yule msichana niliyekuwa nikimsubiri kwa miaka minne bila kujua kama ndiye ninayemsubiri.

"Nitakirudisha, mzee. Nitatoa shikamoo kwanza, lakini nitakirudisha."

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Lemayani akacheka, wote wakacheka, na Mzee Kibena aliinama kwenye karatasi zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikwenda kando peke yake wakati watoto wanaosha sufuria. Nilipinda skafu moja yote na sijui hata nilipinda nini, nitaifumua kesho.

Aliporudi alinijia mimi kwanza. "Mama, mwaka jana uliifanya kazi yake. Mwaka huu umemharibia kazi, naye ameitengeneza mwenyewe. Ni vitu viwili tofauti." Kisha kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye bado hujafaulu."

Nikaichomeka sindano yangu kwenye skafu.

Alimbandikia Yustina beji pale pale, chini ya paa la bibi. Wadogo walipiga makofi ya skauti, yale ya mpangilio, wakayakosea, wakarudia. Nililia. Nasema wazi, nililia kama mama wa bibi harusi, na sikuona haya, kwa sababu bibi naye alikuwa analia na yeye hata hakumjua mtoto huyu saa nne asubuhi.

Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo. Miaka yote hii nimewafundisha mafundo, ramani, huduma ya kwanza, kupika, kusimama wima. Nimewafundisha kunisikiliza. Sijawahi hata Jumamosi moja kumfundisha mtoto jinsi ya kuniambia kwamba nimekosea. Yustina alijifunza leo, na hakujifunza kwangu. Bado najivunia kana kwamba nimemfundisha mimi. Labda ndiyo tabia ya wazazi wote.

Njiani kurudi tulipumzika karibu na mjini, mvua imeanza tena kudondoka. Begi la yule mdogo kuliko wote lilikuwa limekaa upande, mkanda mmoja mrefu, mmoja mfupi, linamwumiza bega, mtu yeyote mwenye macho angeliona. Nikainama. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika mkanda.

"Shikamoo mama," akasema Yustina nyuma yangu.

Tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi. Nikageuka. Alikuwa amesimama mikono nyuma, adabu tupu, beji kifuani, hatabasamu ila macho yanacheka. Na yule mdogo alikuwa ameshaanza kuuvuta mkanda mwenyewe.

"Marahaba," nikasema, nikautoa mkono wangu. Sijawahi kuitikia shikamoo ya mtoto kwa fahari namna ile.